Mamogramu, mionzi na mashine ya kushika mkononi: jibu kwa msomaji wa Kisauni

SWALI: Assalaam aleikum daktari. Nina miaka 48, nakaa Kisauni, nina watoto wanne na bado napata hedhi. Nilishapangiwa mamogramu, ile picha ya eksirei ya matiti, lakini kwenye kundi letu la chama imepita sauti ya mwanamke asema mashine ile humbana mtu mpaka uvimbe ukapasuka na saratani ikatawanyika, tena mionzi yake hubaki mwilini miaka na miaka. Mwenzetu mmoja amepata mahali wanapopima mwili mzima kwa kushika chuma mkononi, hakuna mionzi wala kuvua nguo, naye ameambiwa matiti yake yako sawa. Nifuate lipi? Na ni kweli kwamba Wazungu wenyewe wameanza kuacha mamogramu? Halafu titi la kushoto, upande wa kwapa, nahisi kitu kigumu cha ukubwa wa korosho. Hakiumi, kina miezi mitatu hivi. Naona ni mambo ya hedhi.

JIBU: Waaleikum salaam, dadangu.

Nianzie mwisho wa barua yako, maana ndipo penye haraka. Kitu kigumu kilichokaa miezi mitatu si cha hedhi tena. Uvimbe wa hedhi hulegea siku chache baada ya damu kukatika. Hicho chako kimepitiwa na hedhi kama tatu na bado kipo. Kutouma nako kusikupe raha, kwa sababu saratani nyingi za matiti huanza bila maumivu yoyote. Yawezekana ni kifuko cha maji, jambo la kawaida sana kwa wanawake wa umri wako, au uvimbe mwingine usio na madhara. Lakini hilo huthibitishwa kwa altrasaundi na sindano ya kuchukua kipande cha kupima, halikisiwi. Kwa hivyo usiende kama mtu anayekwenda kupima tu. Ukifika mapokezi sema una uvimbe na umeuona tangu lini, na mbele ya mpiga picha weka kidole pale pale ulipo. Atabandika alama ndogo juu ya ngozi ili daktari anayesoma picha ajue pa kutazama, na baada ya mamogramu ufanyiwe altrasaundi ya sehemu hiyo, siku hiyo hiyo ikiwezekana.

Sasa hiyo sauti. Kila Oktoba inarudi kwenye simu za watu, nami hunikasirisha kuliko uzushi mwingine wote kuhusu saratani, kwa sababu imejengwa juu ya vipande vya kweli. Ni kweli mashine inabana. Ni kweli inatumia mionzi. Kilichoongezwa hapo ni hofu, na hofu hiyo kuna watu wanaifanya mtaji.

Kubana kwenyewe ni hivi. Titi hulazwa juu ya bamba, kisha bamba jingine la plastiki inayopenyeza mwanga hushushwa kwa kukanyaga pedali. Sentimita za mwisho mpiga picha mzuri huzimalizia kwa mkono, taratibu, huku akilivuta titi mbele ili ngozi isikunjike. Kila titi hupigwa mara mbili: kutoka juu kwenda chini, halafu kwa mshazari ili sehemu ya kwapani nayo iingie. Jumla picha nne, kila moja ukibanwa sekunde chache, na picha ikishapigwa bamba huachia. Nguvu inayotumika kwa kawaida ni nyutoni 100 hadi 150, sawa na uzito wa kilo 10 hadi 15, na kwa mashine za umeme kikomo ni nyutoni 200. Kubana kuna kazi zake. Titi likitandazwa likawa jembamba, mionzi kidogo hutosha kupenya. Tishu zilizolaliana hutengana, uvimbe uliojificha nyuma ya tishu nyingine ukaonekana. Na titi halitikisiki, picha haitoki na ukungu. Mpiga picha anayekuonea huruma akabana nusunusu amekuongezea mionzi na kukupa picha isiyosomeka, na huenda ukaitwa urudie.

Watu hufikiri uvimbe wa saratani ni kama jipu, ukiuminya unapasuka na usaha unamwagika. Haufanyi kazi hivyo. Ili chembe ya saratani ihame, lazima ipenye ukuta wa mshipa wa damu au wa limfu (majimaji yanayopita kwenye mitoki), iokoke na kinga ya mwili ikiwa njiani, kisha iweze kuota mahali pengine. Uwezo huo chembe huupata kwa mabadiliko yanayotokea ndani yake yenyewe kwa muda mrefu, na sekunde chache za bamba haziupi. Tena jambo hili halihitaji kubishaniwa kwa maneno, kwa sababu limepimwa kwa watu. Tangu miaka ya 1960, kuanzia New York na baadaye Uswidi na kwingineko, wanawake kwa maelfu waligawanywa kwa kura, hawa wakialikwa kwenye mamogramu na hawa wasialikwe, kisha wakafuatiliwa miaka mingi. Lau kubanwa kungetawanya saratani, vifo vingekuwa vingi upande wa waliobanwa. Jopo huru la Uingereza lililozipitia tafiti hizo mwaka 2012 lilikuta kinyume chake: waliokuwa wamealikwa walikufa kwa saratani ya matiti pungufu kwa takriban asilimia 20.

Kuhusu mionzi kubaki mwilini: eksirei haikai mwilini hata dakika moja. Kitufe kikiachiwa imekwisha. Kinachobaki ni uwezekano mdogo wa madhara ya baadaye, na huo ndio unaojumlika picha hadi picha. Mamogramu nzima ya picha nne ni kama milisiverti 0.4 (milisiverti ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini). Mionzi ya asili inayotoka ardhini, hewani, angani na kwenye chakula humpa binadamu wastani wa milisiverti 2.4 kwa mwaka, kwa hivyo mamogramu moja ni sawa na miezi miwili hivi ya kuishi tu duniani. CT ya kifua hufika milisiverti 7, na wagonjwa huingia humo bila kuuliza swali hata moja.

Lakini atakayekwambia hatari ni sifuri hakuambii kweli. Watafiti wa Marekani walikokotoa mwaka 2016 kwamba wanawake 100,000 wakipigwa mamogramu kila mwaka tangu miaka 40 hadi 74, mionzi yenyewe ingeweza kusababisha saratani 125 na vifo 16, na upande wa pili kipimo hicho hicho kingezuia vifo 968. Titi changa huathirika na mionzi zaidi ya titi la mtu mzima, na ndiyo sababu binti wa miaka 25 mwenye uvimbe huanzishiwa altrasaundi. Mwanamke wa 48 mwenye korosho kwapani hana hesabu ya kupiga hapo. Faida imeshinda mbali.

Na Wazungu hawajaacha. Uingereza bado huwaita wanawake kuanzia miaka 50 mpaka 71, kila baada ya miaka mitatu. Marekani nayo imeshusha umri wa kuanza: mwaka 2024 jopo lao la taifa lilipendekeza kuanza miaka 40, kila miaka miwili, hadi 74. Mwongozo wetu wa Wizara ya Afya wa 2018 nao unaanzia 40, kila mwaka hadi 55, kisha kila miaka miwili hadi 74. Kule wanabishana, ndiyo, lakini hawabishanii kubanwa wala mionzi. Wanabishania kukuta saratani ambayo isingemdhuru mwenye nayo.

Hiyo ndiyo hasara ya kweli ya mamogramu kwa mtu asiye na dalili, na wanaotuma sauti hawaitaji kamwe. Saratani nyingine hubaki ndani ya mirija ya maziwa, au hukua polepole mno, mwenyewe akafa uzeeni kwa maradhi mengine bila kujua alikuwa nayo. Ikionekana kwenye picha, hakuna darubini inayoweza kusema kwa hakika hii italala na hii itaua, basi zote hutibiwa: upasuaji, mionzi ya tiba, vidonge vya tamoksifeni miaka mitano. Jopo lile la 2012 lilikadiria kwamba wanawake 10,000 wakialikwa kuanzia miaka 50 kwa muda wa miaka 20, vifo 43 huzuiwa na wanawake 129 hutibiwa saratani ambayo isingewasumbua. Watatu kwa mmoja. Mwanamke asiye na dalili ana haki ya kuambiwa hesabu hiyo kabla ya kuvua blauzi, na akiamua kukataa akiwa ameielewa, uamuzi wake uheshimiwe. Hasara nyingine ni kuitwa tena: Uingereza, kati ya wanawake 100 wanaopimwa, wanne hivi huitwa warudi na mmoja tu kati yao hukutwa na saratani. Watatu waliobaki wamekosa usingizi, pengine wamechomwa na sindano, na kwao hapakuwa na kitu.

Hapa kwetu mizani imeegemea upande mwingine. Makadirio ya kimataifa ya 2020 yaliipa Kenya wagonjwa wapya wa saratani ya matiti wapatao 6,800 na vifo zaidi ya 3,100, na wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshaingia kwapani au umetoboa ngozi. Mwanamke wa Mombasa anapoteza maisha yake zaidi kwa kuchelewa kuliko kwa kupimwa kupita kiasi.

Kuna hasara ya tatu, na hii inakuhusu wewe hasa. Mamogramu hukosa takriban saratani moja kati ya nane. Kwenye picha, tishu za maziwa huonekana nyeupe na saratani pia huonekana nyeupe. Mwanamke ambaye bado anapata hedhi mara nyingi ana tishu nyingi za aina hiyo, na uvimbe huweza kupotea humo. Kwa hivyo ripoti ikija imeandikwa haina kasoro na korosho yako bado unaishika kwa kidole, hujamaliza. Picha safi haifuti kitu kinachoshikika. Wagonjwa wangapi wamerudishwa nyumbani na bahasha ya "hakuna shida", wakakaa miezi minane wakiamini karatasi kuliko mkono wao! Omba altrasaundi, na kama bado haijulikani ni nini, omba sindano.

Siku ya kwenda, oga usijipake kitu kuanzia shingoni hadi kiunoni: deodoranti, poda, mafuta, liwa. Chembe za aluminiamu kwenye deodoranti na za poda hutokea kwenye picha kama vidoti vya chokaa, navyo vidoti vya chokaa ndivyo tunavyovitafuta kama dalili ya saratani. Kwa asiye na dalili, wiki inayofuata hedhi ndiyo nzuri kwa sababu titi haliumi sana. Wewe usingoje tarehe, nenda wiki hii. Si haya kuuliza kama mashine ina leseni ya KNRA, mamlaka inayosimamia vifaa vya mionzi nchini. Ukitoka, chukua diski ya picha pamoja na ripoti, uvitunze, kwani picha ya mwaka huu husomwa vizuri ikilinganishwa na ya nyuma. Na usikubali picha ipigwe kwa simu kutoka kwenye kioo cha kompyuta itumwe kwa WhatsApp kwa mtu "aiangalie". Vidoti tunavyovitafuta vingine havifiki nusu milimita. Simu haivionyeshi.

Kwenye ripoti utakuta namba ya BI-RADS, yaani daraja la kile kilichoonekana kwenye picha. Moja na mbili hakuna cha kutisha. Sifuri haimaanishi huna kitu. Maana yake picha hazijatosha, rudi uongezwe nyingine au altrasaundi, na watu wengi huipokea sifuri kwa furaha wakaenda zao. Tatu ni kurudi baada ya miezi sita. Nne na tano ni biopsi, yaani kuchukua kipande cha uvimbe kikapimwe maabara, bila kupoteza wiki.

Biopsi iwe ya sindano nene: ganzi, tundu dogo, vipande vinne hadi sita vyembamba, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Sindano nayo imesingiziwa kutawanya saratani na haitawanyi. Kinachoharibu ni kufanya kinyume, kukatwa uvimbe wote haraka katika zahanati "utoke tu" bila kujulikana ni nini. Ikija kuonekana ilikuwa saratani, kingo zake hazikupimwa, mitoki ya kwapani haikuangaliwa, na upasuaji wa pili unakuwa mgumu kuliko ambavyo wa kwanza ungekuwa. Vipande viingie kwenye formalini, dawa ya kuvihifadhi visioze, mara moja, na formalini iwe angalau mara 10 ya ujazo wao. Vikiwekwa kwenye maji ya chumvi, au vikikaa nje kwenye joto letu hili, vinaoza, na vipimo vya homoni na vya HER2 (protini iliyo kwenye chembe za saratani) vinavyoamua dawa gani itumike vinatoa majibu ya uongo. Huhitaji tikiti ya SGR kwenda Nairobi ili kuanza haya. Hospitali Kuu ya Pwani, pale Makadara, ina kitengo cha saratani.

Nimekuja kwenye chuma cha mkononi. Mwenye mashine anakuuliza umri, jinsia, urefu na uzito, anaviingiza kwenye kompyuta, unashika chuma kama dakika moja, kisha printa inatema kurasa kwa kurasa: ini, figo, madini, matiti, hata mishipa ya ubongo, kila kimoja na rangi yake. Kitu pekee ambacho chuma kile kinaweza kugusa ni ngozi ya kiganja na jasho lake. Hakuna kinachofika kwenye titi na kurudi na habari. Mashine za aina hii ziliwahi kujaribiwa Ujerumani kwa kuunganishwa na kitambaa chenye maji, zikatoa ripoti ya afya. Mwenzako wa chama ameambiwa matiti yake yako sawa na kifaa ambacho hakikuyaangalia, na huenda akaondoka pale na chupa za virutubisho alizouziwa na aliyempima. Hilo pekee lingetosha kumshtua: anayekupima na anayekuuzia dawa ni mtu mmoja, mezani pamoja.

Kamera za joto ni ndugu wa chuma hicho. Zinapiga picha ya rangi za ngozi na kudai kuona saratani kabla ya mamogramu. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imeonya zaidi ya mara moja kwamba kamera hizo haziwezi kushika nafasi ya mamogramu. Kuna tofauti kubwa kati ya kipimo kisicho na mionzi na kipimo kinachoona. Altrasaundi haina mionzi na inaona. Mkono wa muuguzi aliyefundishwa hauna mionzi, nao unaona kuliko watu wanavyodhani: huko Mumbai wanawake zaidi ya 151,000 walifuatiliwa miaka 20, nusu wakichunguzwa matiti kwa mkono kila miaka miwili na wahudumu wa afya waliofundishwa, na kwa waliofika miaka 50 vifo vya saratani ya matiti vilipungua kwa karibu asilimia 30. Mkono huo unaweza kuwa kwenye zahanati ya karibu na kwenu, na bei yake haifiki ya chuma kile. Kujipapasa mwenyewe kwa ratiba ya kila mwezi ni jambo jingine. Shanghai walilijaribu kwa wanawake 266,000 na halikupunguza vifo. Lijue titi lako lilivyo ukiwa unaoga, uone likibadilika, hilo linatosha.

Hatari zaidi kuliko mashine ni dawa ya kubandika, ile inayosifiwa kwamba "inavuta mzizi". Dawa hizo huunguza ngozi. Kinachodondoka baada ya wiki, kikaonyeshwa kwenye picha kama mzizi, ni nyama ya mgonjwa iliyokufa, na saratani imebaki chini yake. Donda linaingia wadudu, daktari wa upasuaji anakosa ngozi ya kufunikia, na ugonjwa uliokuwa wa kutibika umekuwa wa kutuliza maumivu. Kuchua titi kwa mafuta miezi na miezi nako kunakula muda ule ule. Kisomo na dua havigombani na biopsi, na mgonjwa akitaka kuvifuata vyote ni haki yake. Ugomvi wangu ni na anayemwambia aache hospitali mpaka dozi yake iishe.

Mwenye karatasi ya mashine ya chuma ajihesabu hajapimwa. Kama amefika 40 na hana dalili, apange mamogramu akishaelewa faida na hasara nilizotaja. Kama ana uvimbe, chuchu iliyogeuka kuingia ndani au kutoa damu, ngozi iliyobonyea, au mtoki kwapani, aende wiki hii, na mwanamume pia, kwani wao nao hupata. Anayenyonyesha asiambiwe miezi mitatu kwamba ni maziwa yameganda. Na titi jekundu lenye joto ambalo halijapoa baada ya siku 14 za dawa za kuua bakteria lisiongezewe dozi nyingine ya duka la dawa: lifanyiwe altrasaundi, na kipande cha ngozi kichukuliwe kipelekwe maabara, kwa sababu kuna saratani inayoingia kwa sura hiyo hiyo na haisubiri.